Mnong'onezaji Aliyesikiliza

Gerlinde Paschke alifanya kazi miaka thelathini na minane chini ya sakafu ya jukwaa, na jina lake halikuchapwa hata mara moja kwenye karatasi ya programu. Fundi wa taa aliandikwa. Msuka mawigi aliandikwa. Hata mbwa mmoja aliyepitishwa jukwaani katika opera fulani ya wawindaji aliandikwa, yeye na mwenyewe. Mnong'onezaji hakuandikwa, kwa kuwa desturi ya jumba letu la opera, pale mjini kwetu kando ya mto Elbe, ilikuwa moja: mnong'onezaji hayupo.

Na kweli hukuweza kumwona. Katikati ya ukingo wa jukwaa kulikuwa na kisanduku cha mbao, kimezibwa upande wa watazamaji na kufunguka upande wa waimbaji. Ukikaa ndani, macho yako yako usawa wa viatu vyao. Mbele yako una daftari la muziki lenye maneno yote, taa ndogo, penseli, na pembeni kioo cha ukubwa wa kiganja, cha kukuonyesha mkono wa kiongozi wa okestra aliyesimama nyuma ya mgongo wako. Kazi yako ni kumpa mwimbaji neno kabla hajalihitaji. Unampa pale anapovuta pumzi, kwa midomo zaidi kuliko kwa sauti. Mate ya waimbaji yanakunyeshea. Gerlinde alijifunga kitambaa kichwani na kuvaa soksi mbili za sufu, maana juu taa zilimchoma na chini baridi ilimtafuna.

Aliyemfundisha kazi alikuwa Bi Hanke, mwanamke mfupi wa miaka sabini aliyeongea kwa kunong'ona hata sokoni, akinunua viazi. Siku ya kwanza Bi Hanke alimpa sheria moja tu.

"Usisikilize."

"Nisisikilize nini, Bi Hanke?"

"Muziki, mwanangu. Hesabu mapigo, tazama midomo, fuata maneno. Ukitaka kusikiliza, kata tiketi ukakae kule na wenye nafasi zao."

Gerlinde alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na alidhani ni mzaha wa kizee.

Mwaka huohuo Volkmar Thiele alitolewa kwenye kwaya na kupewa nafasi yake ya kwanza ya kuimba peke yake. Alikuwa mtoto wa mpiga ishara wa treni kutoka kijiji kimoja cha juu mtoni, mnene wa shingo, mwembamba wa miguu, na sauti yake ya tenori ilikuwa ya kumfanya mtu asahau alikuwa akisema nini. Ila maneno yalimpiga chenga. Noti hakukosea hata moja, lakini mwanzo wa kila mstari ulikuwa mtihani. Kabla ya onyesho la kwanza alikuja mpaka kwenye kisanduku, akagonga mbao mara mbili kwa ncha ya kiatu.

"Dada, wewe ndiye Gerlinde? Nisaidie. Nipe la kwanza tu. Mengine yana miguu, yatanifuata yenyewe."

"Na la kwanza ukilikosa?"

"Ndiyo maana nimekuja kukupigia magoti mapema."

Ikawa hivyo. Kila mstari, neno la kwanza, na Volkmar alilichukua kutoka midomoni mwake bila hata kuinamisha kichwa. Traudel, mvishaji wa waimbaji, mwanamke mwenye pini mdomoni na maneno makali nyuma ya pini, alisema yule kijana amejaliwa koo la malaika na ubongo wa kuku. Kwa Gerlinde ilikuwa vingine. Alipomnong'oneza Volkmar alijihisi, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba yupo.

Miaka saba haikupita, Volkmar akawa si wa kwetu tena. Vienna walimwita, kisha Milano, London, Buenos Aires. Picha yake ilikuwa kwenye magazeti, kavaa koti refu, kashika kofia, anatabasamu kama mtu aliyekwepa nauli. Lakini kila Desemba alirudi kuimba kwetu onyesho moja, kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili, alivyosema mwenyewe, ya kisanduku. Katikati ya mwaka alimtumia Gerlinde postikadi. "Mnong'onezaji wa Milano anakula kitunguu saumu, neno linafika na harufu yake." "Wa London ni mwanamume, ananipa neno kwa adabu mpaka limechelewa." Gerlinde alizipanga kwenye kopo la biskuti.

Kiangazi kimoja alipokuja kumzika mama yake, alimtembelea Gerlinde kwenye bustani yake ndogo ya kukodi nyuma ya reli, zile bustani zetu zenye kibanda, ua na sheria nyingi kuliko za jeshi. Waliketi chini ya mti wa plamu. Huko ndiko alikomweleza habari za baba yake. Mzee Thiele alianza kusahau akiwa na miaka arobaini na mitano. Kwanza majina, halafu njia ya kwenda bombani. Asubuhi moja walimkuta kwenye jukwaa la stesheni kavaa nguo za kulalia, ameinua bendera, anaisubiri treni iliyokuwa imefutwa tangu kabla ya vita. Volkmar alikwenda kumshika mkono, na baba yake akamwuliza, "Kijana, una tiketi?"

"Naogopa kitu kimoja tu duniani," Volkmar alisema. "Siku nitakayopewa neno nikashindwa kulishika, nitajua zamu yangu imefika. Siku hiyohiyo naacha kuimba. Sitangoji kuchekwa."

"Basi usihofu. Mimi nipo kwa ajili gani?"

Alilisema kwa wepesi, huku akifukuza nyigu kwenye keki. Baadaye aliikumbuka sentensi ile neno kwa neno, mpaka na yule nyigu.

Volkmar alipofika miaka arobaini na mmoja, na Gerlinde thelathini na minane, onyesho la Desemba liliangukia Jumapili ya pili kabla ya Krismasi, saa tisa alasiri. Opera ilikuwa ya askari anayerudi nyumbani baada ya miaka ishirini, akakuta mlango wake mwenyewe umefungwa kwa komeo. Katika sehemu ya tatu anasimama nje kwenye theluji, anaimba kwa sauti ya chini sana habari za jikoni kwake: taa, sufuria, kiti cha mama. Kisha okestra inanyamaza, anavuta pumzi, na neno linalofuata ni "Fungua."

Mapema siku hiyo kulikuwa na mkosi, au watu wa jumba waliuona mkosi. Kwetu huwezi kumtakia mwimbaji heri kwa maneno ya kawaida. Unamtemea mate ya uongo juu ya bega la kushoto, "toi, toi, toi," na yeye hajibu asante ng'o. Akishukuru, ameiharibu. Traudel alimtemea kama kawaida, na Volkmar, aliyekuwa hajalala tangu treni ya Vienna, akasema, "Asante."

Traudel alitoa pini mdomoni. "Umesema nini?"

"Nimekosea, nimekosea! Temea tena."

"Haitemewi mara mbili, Volkmar! Ebo! Wewe umezaliwa wapi?"

Gerlinde hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshaingia kisandukuni. Mama yake alikuwa amezikwa Alhamisi, na yeye Ijumaa alikwenda kazini, Jumamosi alikwenda kazini, kwa sababu mnong'onezaji hana mbadala. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili pia. Katika ya tatu Volkmar alisimama hatua nne kutoka kwake akaanza kuimba habari za lile jiko, za ile taa, na Gerlinde, baada ya miaka kumi na mitatu, akasikiliza.

Hakuamua kusikiliza. Alikuwa anahesabu mapigo, na hesabu ikamtoka. Aliiona taa ya jikoni kwa mama yake, ile yenye ufa, na kiti chenye mto wa kijani, na machozi yakamteremka, na kwa muda ambao mtu mwingine angemeza mate mara mbili tu alikuwa amekaa mahali pazuri kuliko pote alipowahi kukaa. Kisha akaviona viatu vya Volkmar vimesogea mpaka ukingoni. Akainua macho. Volkmar alikuwa anamtazama, mdomo nusu wazi, na mdomo wake yeye Gerlinde ulikuwa umefungwa.

Okestra ilianza tena, ikacheza mapigo manne bila sauti ya mtu, halafu mengine manne. Mwimbaji wa kike aliyekuwa nyuma ya mlango, mwenye akili zake, akaingia kabla ya zamu yake na kuimba, na opera ikaokoka. Volkmar aliimaliza. Watazamaji walisimama kumpigia makofi. Gazeti la mji liliandika kwamba kimya kile mbele ya mlango kilikuwa kilele cha sanaa yake.

Gerlinde alitoka kisandukuni. Volkmar alikuwa anamsubiri kwenye korido, bado na theluji ya karatasi mabegani, uso mweupe kama chaki. Nyuma yake alisimama mkurugenzi wa jumba, mikono kaifunga kifuani.

"Nataka kujua kitu kimoja," Volkmar alisema. "Ulinipa?"

Alikuwa na muda wa kujibu, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Alimwona mkurugenzi, alimwona Volkmar, alijua hasa anaulizwa nini, na akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nilikupa, Volkmar. Hukulishika."

Volkmar alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa barua aliyokuwa akiisubiri.

Wiki mbili baadaye alitangaza kwamba koo limechoka na haimbi tena. Hakwenda kwa daktari. Hakutaka kuambiwa kile alichoamini anakijua. Jumba zima lilimlaumu Traudel na ile "asante", na Traudel mwenyewe alijilaumu, akalia chooni siku tatu, na Gerlinde akamshika bega akanyamaza. Kila asubuhi alisema leo nitamwandikia. Barua aliianza mara nyingi. Lakini uongo ukishalala siku kumi, kuuamsha kunataka moyo ambao Gerlinde hakuwa nao, na mimi sitamtetea kwa hilo.

Volkmar akawa kiongozi wa okestra. Watu walishangaa, ingawa kwa aliyejua hapakuwa na la kushangaza: kiongozi ana daftari mbele yake, limefunguliwa, na hakuna anayemcheka kwa kusoma. Akapanda tena, safari hii akiwa amewapa watazamaji mgongo. Copenhagen, Amsterdam, Helsinki, Tokyo. Wenzake waliona fahari kuongoza kwa kichwa. Yeye aliongoza hata nyimbo za Krismasi kwa daftari, na kidole cha kushoto kikifuata mstari. Wakosoaji waliuita unyenyekevu. Gerlinde alipomwona kwenye televisheni sikukuu ya mwaka mpya, kidole kile kikitambaa juu ya karatasi, alizima televisheni akaenda kusugua sinki lililokuwa safi.

Maana alikuwa hana raha tena popote. Yale mapigo manane ya muziki usio na sauti yalimfuata kama mbwa asiye na mwenyewe. Yalikuwa kwenye mngurumo wa friji. Yalikuwa kwenye tramu, pale inapokata kona ya soko la samaki. Alipochemsha yai alihesabu dakika na kugundua anahesabu mapigo, na kwenye pigo la tisa moyo ulisimama ukingoja mtu aimbe. Alianza kulisema lile neno kwenye milango. Mbele ya mlango wa tramu, wa duka la mikate, wa kwake mwenyewe, midomo ilicheza: fungua. Watoto wa jirani walimwigiza. Na kisandukuni, kila sehemu ya tatu ya opera yoyote ile, alihisi mtu amesimama juu yake anavuta pumzi, akiinua macho anaona mbao tupu. Hakuolewa. Hakukosa neno hata moja tena. Alinong'ona kama mashine ya kushonea, na waimbaji vijana walimwogopa.

Aliporudi Volkmar ilikuwa imepita miaka ishirini na mitano. Gerlinde alibakiwa na miezi miwili kustaafu. Jumba lilikuwa limetengenezwa upya, na mkurugenzi mpya alimwalika mtoto wa nyumbani aje kuongoza opera ileile ya askari na mlango. Siku ya kwanza ya mazoezi, saa nne asubuhi, Gerlinde alikuwa amejikunja kisandukuni na kitambaa chake, akasikia mbao zikigongwa mara mbili.

"Bado umo humu?"

"Niende wapi?"

"Mungu wangu, Gerlinde. Umezeeka kama mimi."

"Wewe umenizidi miaka mitatu, usijipunguzie."

Alicheka, nywele zake zote nyeupe, shingo ileile. Kisha akaenda mahali pake, nyuma ya mgongo wa Gerlinde, akafungua daftari, na Gerlinde akamwona kwenye kile kioo kidogo.

Kioo hakidanganyi mtu wa kazi. Siku ya tatu aliona mkono wa Volkmar unaendelea kupiga mapigo huku macho yamepotea, yanazunguka karatasini kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Ilikuwa kidogo tu. Mpiga fidla wa kwanza aliibeba okestra na hakuna aliyeng'amua. Siku ya tano alimwita mwimbaji kijana kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Wote walicheka, naye akacheka. Siku ya saba aligeuza ukurasa mmoja mara tatu, mbele, nyuma, mbele. Kile ambacho Volkmar alikikimbia miaka ishirini na mitano bila kufukuzwa, sasa kilikuwa kimefika kweli, na mwenyewe alikuwa hajakijua.

Alimweleza Traudel sehemu tu, wakinywa supu ya viazi kwenye kantini. Traudel alikuwa amestaafu lakini alikuja kila siku kuwasumbua wavishaji wapya.

"Kuna jambo nilimficha Volkmar zamani. Nataka kumwambia."

"Miaka yote hiyo? Shoga, zika. Mambo mengine yakifukuliwa yananuka tu."

"Nikichelewa hatalielewa tena."

"Kwa nini asilielewe? Kazeeka, hajawa mjinga."

Gerlinde alikunywa supu yake.

Alimkaribisha bustanini Jumatano alasiri, kwa keki ya plamu na kahawa ya chupa, kama zamani. Majani ya plamu yalikuwa yameanza kudondoka mezani. Volkmar alikula kipande cha kwanza akakisifu, cha pili akakisifu kwa maneno yaleyale. Gerlinde akaweka uma chini.

"Volkmar. Siku ile ya mlango. Sikukupa neno."

"Siku gani?"

"Unaijua siku gani."

Aliacha kutafuna. "Sema tena."

"Sikukupa. Uliniuliza kwenye korido, nikakwambia nimekupa. Nilisema uongo. Kichwa chako hakikuwa na kasoro yoyote. Ni mimi."

"Ulikuwa unafanya nini mle ndani?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Wewe."

Treni ilipita nyuma ya ua, ndefu, ya mizigo. Kisha Volkmar alisimama, kikombe kikaanguka kwenye nyasi.

"Miaka ishirini na mitano, Gerlinde! Nimelala na taa imewaka nisije nikaamka nisijue niko wapi! Copenhagen kulikuwa na mwanamke, alitaka watoto. Nilimwambia sina watoto wa kumpa, nina ugonjwa wa kuwarithisha. Alikwenda zake. Unajua alikuwa anaitwa nani?" Alifungua mdomo alitaje jina, akaufunga. "Unajua uliniua? Ukanizika na kuniacha napumua!"

"Najua."

"Hujui! Kuimba kulikuwa ndiyo mimi!"

Gerlinde hakujitetea. Alikuwa ameisubiri hasira ile muda mrefu kiasi kwamba ilipomshukia karibu imfariji. Lakini kisha uso wa Volkmar ukaanza kubadilika, na kile kilichokuja kilimwogopesha kuliko hasira. Alikuwa anatabasamu.

"Kwa hiyo sikuwa mgonjwa."

"Volkmar..."

"Sikuwa mgonjwa! Sina ugonjwa! Nina miaka sitini na sita, baba yangu umri huu alikuwa hajui kijiko. Mimi mzima! Mzima, mwanamke wewe!" Alimshika kichwa kwa mikono miwili akambusu kwenye paji la uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Mpumbavu wewe. Mwongo. Umenipa maisha yangu, umechelewa tu."

Gerlinde alikuwa na jambo la pili la kumwambia. Lilikuwa limekaa ulimini. Alimwangalia mtu yule aliyerukaruka kati ya kabichi zake kama mwanafunzi aliyefaulu, na jambo likarudi tumboni. Volkmar aliaga, akafika geti, akarudi.

"Nimesahau kofia yangu."

Kofia ilikuwa kichwani. Gerlinde alinyoosha kidole, naye akaigusa, akacheka sana, akaenda zake kuelekea upande usio na tramu.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili saa tisa alasiri. Gerlinde aliingia kisandukuni mapema, akafuta kioo kwa kitambaa, akakirekebisha, akatazama mara mbili. Mbele ya Volkmar hapakuwa na daftari. Hapakuwa hata na meza ya kuliwekea. Alikuwa ameagiza iondolewe. Wapigaji walitazamana. Volkmar alisimama mikono mitupu, kifua mbele, kama kijana.

Ninaweza kusema sasa kwamba alasiri ile Gerlinde Paschke alifanya kazi ambayo hakuna mnong'onezaji wa mji wowote aliyepata kuifanya, na kwamba watu mia nane walikaa wakiitazama bila kuiona. Mkono wa Volkmar ulipopotea kwenye kioo, Gerlinde aliwachukua waimbaji: aliwapa neno kwa midomo na pigo kwa kidole, nao wakamfuata yeye, na okestra ikawafuata wao, na Volkmar akaisikia njia akaishika tena, akiamini hajaiacha. Mara tatu katika sehemu ya kwanza. Mara tano katika ya pili. Vazi lake lilikuwa limelowa jasho. Hakusikia noti hata moja. Hesabu, midomo, maneno, kioo.

Sehemu ya tatu yule mwimbaji kijana alisimama kwenye theluji ya karatasi akaimba habari za jikoni, za taa, za kiti. Gerlinde hakuwa na taa yoyote kichwani. Okestra ikanyamaza. Kijana alitazama mkono wa kiongozi, tayari, akingoja. Mkono haukushuka.

Kwenye kioo Volkmar alikuwa amesimama mikono imeinuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliye kwenye jukwaa la stesheni, anaisubiri treni. Macho yalizunguka. Yakashuka. Na kwa kuwa kioo kinachokuonyesha mtu humwonyesha na yeye wewe, yakamkuta Gerlinde.

Pigo moja. Mawili.

"Fungua," midomo yake ilisema.

Mkono ukashuka. Kijana akaimba.

Makofi yalidumu mpaka mikono ya watu ikauma, wanasema. Gerlinde alibaki kisandukuni mpaka pazia lilipofungwa mara ya mwisho. Alipotoka, korido ilikuwa imejaa maua na watu, na Volkmar aliwapasua wote akamjia, shati limeloa, macho yanawaka.

"Umeniona? Bila karatasi! Kichwa kizima kama jiwe!" Kisha akamvuta kando, karibu na ndoo za wazima moto, na sauti ikashuka. "Ila pale mlangoni. Nilikuona kwenye kioo. Midomo yako ilicheza." Alitabasamu, na tabasamu halikufika machoni. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulinipa?"

Nyuma yake watu walikuwa wanaliita jina lake. Gerlinde alimtazama. Safari hii hapakuwa na mkurugenzi wa kumwogopa wala kazi ya kupoteza. Alibakiwa na wiki sita. Alijua hasa anaulizwa nini, kama alivyojua mara ya kwanza, na alijua kwamba mapigo yale yatamfuata sasa mpaka kaburini, na mengine mapya juu yake.

"Sikukupa, Volkmar," alisema. "Ulikuwa nalo mwenyewe."